Katleya haichanui? Tazama majani kwanza

Wengi wanaoniuliza habari za okidi huanza na mbolea. Jirani yangu hapa Mombasa ana katleya, aina mojawapo ya okidi, yenye majani ya kijani kizito, yanang'aa, yanapendeza kweli, lakini ua hajaliona. Nilimwambia asinunue kitu. Kijani kile ni njaa ya mwanga. Katleya asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na huko huishi juu ya matawi ya miti, si chini gizani.

Jani linalofaa lina rangi ya embe linaloanza kuiva. Sogeza chungu pole pole hadi upande wa mashariki wa baraza, kipate jua la asubuhi mpaka saa nne hivi, kisha kivuli cha wavu. Saa saba mchana shika jani. Likiwa la moto, punguza jua, maana doa la kuungua halifutiki.

Udongo usitie kabisa. Mie hutumia vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, ila makumbi nayaloweka siku kadhaa huku nikibadilisha maji, kwa kuwa ya kwetu pwani yana chumvi. Maji ya visima vingi huku nayo ni yale yale, basi kinga maji ya mvua. Mizizi yenyewe itakwambia lini umwagilie: ikilowa huwa kijani, ikikauka hurudi nyeupe. Mbolea ipo, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, wakati chipukizi linakua tu.

Masika ndiyo yenye hatari. Chipukizi likigeuka jeusi na laini, likate siku hiyo hiyo mpaka ufike penye afya, upake mdalasini wa unga kwenye kidonda, uutenge mmea usinyeshewe. Kisu kipitishe motoni kabla ya kugusa mmea mwingine. Virusi vya okidi husafiri kwa visu.

Shina jipya likikomaa, pale jani linapoanzia hutokea ala bapa, yaani kifuko kinachofunika matumba. Iinue usawa wa jua: ukiona vivuli vidogo ndani, upande wa chini, hayo ni matumba. Wakati mwingine ala hukauka na kuwa kahawia kabla hujaona chochote. Usiibandue, maua bado yanaweza kutoka. Na matumba yakishajitokeza, chungu usikizungushe, la sivyo maua yatapinda yakifuata mwanga.