Mwambie Mchuaji Una Hasira na Nani

Ukiingia kwenye idara ya tuina, yaani uchuaji wa tiba wa Kichina, ya hospitali ya tiba ya Kichina ukasema tu kwamba mabega yanauma, utachuliwa mabega, utashukuru, utaondoka. Ukisema mabega yanauma tangu ulipodhulumiwa mzigo, na tangu hapo usingizi umekata na chakula hakipandi, daktari ataweka kalamu chini akutazame upya. Mikono itakayokuchua ni ileile, lakini itaanzia pengine: huenda mguuni, huenda ubavuni. Ndugu zangu mnaoishi China, na nyinyi mnaokuja kufuata bidhaa na kuondoka na mgongo uliokaza kama ubao, hili ndilo ninalotaka mlijue. Katika tiba yao, hisia uliyonayo ni sehemu ya maelezo ya ugonjwa. Ukiificha, umempa daktari nusu ya habari.

Mimi ni wakala wa mizigo Guangzhou. Anayeijua kazi hii anajua ilivyo. Mteja wa Kariakoo anamaliza shughuli zake saa tatu usiku, ndipo anakumbuka kupiga simu. Kwetu hapa ni saa nane usiku, maana tumewatangulia kwa saa tano. Kiwanda kimechelewesha, kontena limekosa meli, sampuli ilikuwa nzuri na mzigo umekuja mwingine kabisa, na pesa iliyolipwa ni ya mtu aliyeweka rehani kiwanja chake. Lawama zote zinamwangukia aliye katikati. Huwezi kumfokea mteja, huwezi kumfokea mwenye kiwanda, kwa hiyo unameza. Leo unameza, kesho unameza.

Mwili ukaanza kusema nisichokisema mimi. Shingo ilikaza mpaka kugeuka nyuma nikawa nageuka mwili mzima. Nikawa nashusha pumzi ndefu kila mara bila kujijua. Wenzangu wa ofisini ndio walioniambia. Chini ya mbavu kukawa kumejaa na kubana, hasa nikitoka kuongea na mtu fulani kwenye simu. Kilichonitisha kuliko vyote ni donge kooni. Nikimeza mate lipo, nikila chakula kinapita bila shida.

Nilikwenda hospitali ya kawaida kwanza, nikapimwa koo, damu na moyo, kote kukawa salama. Na ninyi fanyeni hivyo, tafadhali. Donge la koo linaweza kuwa tezi, linaweza kuwa jambo kubwa zaidi, na kifua kinachobana kinaweza kuwa moyo kweli. Usimpelekee mchuaji kitu ambacho hakijapimwa.

Daktari wa tuina aliyenipokea alikuwa mama wa makamo. Hakunigusa bega. Aliniambia nitoe ulimi, akautazama pembeni, akaniwekea vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono mmoja, kisha mwingine, kimya, kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona daktari akitumia kwa jambo lolote. Kisha akauliza: una hasira na nani? Nilimweleza. Nilipofika kwenye donge la kooni akatikisa kichwa kuonyesha analijua. Lina jina lake, meihe qi, kokwa ya plamu iliyonasa kooni. Zhang Zhongjing, tabibu wa karibu miaka 1,800 iliyopita, alikwisha kuandika juu ya wanawake wanaohisi kipande cha nyama ya kuchoma kimekwama kooni. Niliposikia hivyo nilipata nafuu kabla hata ya kulala kitandani. Nilikuwa na jambo linalojulikana, na watu wengi wamelipitia.

Kitabu chao kikongwe cha utabibu, Huangdi Neijing, kilichokusanywa miaka kama 2,000 iliyopita, kinaeleza hivi: hasira huumiza ini, furaha iliyopita kiasi huumiza moyo, kuwaza sana huumiza wengu, huzuni huumiza mapafu, woga huumiza figo. Na kila hisia ina namna yake ya kuichezea qi, nguvu ambayo wanasema inazunguka mwilini. Hasira huipandisha juu, ndiyo maana mwenye hasira kichwa kinamgonga na uso unamwaka. Woga huishusha, aliyeogopa sana magoti yanamlegea na mkojo unaweza kumtoka. Huzuni huimaliza, mtu akabaki hana nguvu hata ya kuinua sauti. Mawazo huifunga fundo, na tumbo likakataa chakula. Mwaka 1174 tabibu Chen Yan alizihesabu hisia hizi, pamoja na nyingine mbili, kuwa saba, akaziweka kuwa chanzo cha magonjwa yanayoanzia ndani, kando na yale yanayoletwa na baridi, upepo au joto la nje. Hakuna anayekatazwa kukasirika au kulia. Wanachokiangalia ni hisia iliyokaa muda mrefu, au iliyokuja ghafla kwa kishindo, au iliyofungiwa ndani ikakosa pa kutokea.

Hapa niwatahadharishe jambo moja, maana nimeona watu wakitoka huko wanatetemeka. Daktari wa Kichina akikwambia ini lako limebana, hajasema una homa ya ini. Kwao ini ni pamoja na kazi ya kuisambaza qi, pamoja na macho, kano na hasira. Kama unataka kujua hali ya ini lile la maabara, pima damu.

Nimeona hili likifanya kazi kwa vitendo. Mama yule alinifunika kwa shuka jembamba juu ya nguo zangu, akaanza na mguu. Kati ya dole gumba na kidole cha pili, ukipandisha kidole chako upande wa juu wa mguu mpaka mifupa miwili inapokutana, kuna kishimo. Panaitwa Taichong. Alipoweka dole gumba pale nilivuta mguu. Pa upande wa pili pakauma vilevile. Akasema kwa wenye hasira za kumeza ndivyo panavyokuwa. Kisha akanikalisha, akasimama nyuma yangu, akaweka viganja viwili chini ya makwapa na kusugua mbavu kwa kasi kushuka mpaka kiunoni, akarudia, akarudia. Nikaanza kubeua. Si mara moja, mfululizo, mpaka nikaona haya. Yeye akafurahi waziwazi, akasema qi inatoka, niache itoke. Mabega ndiyo yalikuja mwisho, kwa mbinu wanayoiita gun: anaviringisha mgongo wa mkono wake juu ya misuli, mbele na nyuma, kwa mwendo usiobadilika, na uzito unaingia ndani bila kuumiza ngozi. Ni ufundi wa miaka ya 1940, wa Ding Jifu wa Shanghai, na mchuaji anayeujua utamtambua hapohapo: mkono haurukiruki.

Ningekuwa nimekwenda na huzuni, angefanya kazi zaidi kifuani na mgongoni kati ya mabega. Wenye woga na wasiwasi wa muda mrefu huchuliwa kiuno na nyayo. Wanaowaza mpaka chakula hakipandi husuguliwa tumbo taratibu kwa mzunguko.

Donge halikuondoka siku ile. Liliisha baada ya wiki kadhaa, na kuchuliwa peke yake kusingeliondoa, kwa sababu daktari alinipa na agizo: simu izimwe usiku. Niliwaandikia wateja wangu wote saa za kazi kwa saa za nyumbani na za huku, na yule mtu ambaye kila nikitoka kuongea naye mbavu zinabana nikamrudishia pesa zake, tukaachana kwa salama. Wapo wanaochuliwa kila wiki mwaka mzima, na kila wiki wanarudi kwenye ugomvi uleule. Wanapata nafuu ya siku mbili. Nafuu ya siku mbili ina thamani yake, siidharau, lakini fundo linafungwa upya.

Waganga wa kale wa Kichina walilijua hilo vizuri sana. Zhang Congzheng, aliyeishi kati ya 1156 na 1228, aliitwa kumtibu mke wa mtu mmoja, Wei Dexin. Mama huyo alikuwa amelala nyumba ya wageni majambazi wakavamia usiku, akaanguka chini kutoka kitandani kwa hofu. Tangu siku hiyo sauti yoyote ya ghafla ilimzimisha, na watu wa nyumbani wakawa wanatembea kwa kunyata, zaidi ya mwaka mzima. Dawa zilishindwa. Zhang alimkalisha kwenye kiti kirefu, akaweka meza fupi mbele yake, wasichana wawili wakamshika mikono, akaigonga meza kwa kipande cha mti. Mama akashtuka sana. Zhang akamwambia: nimegonga meza tu, cha kukutisha ni nini? Akagonga tena. Kisha akagonga mlango, kisha akatuma mtu akwaruze dirisha la nyuma yake, mpaka mama akaanza kucheka. Usiku ule akaagiza watu wawe wanagonga madirisha hadi alfajiri. Baada ya siku chache mama alisikia radi bila kushtuka. Wanasaikolojia wa leo wanaomzoesha mtu kidogokidogo kile anachokiogopa wanapita njia hiyohiyo. Mimi kisa hiki kimenifunza kuliko maelezo yote ya qi, kwa sababu tabibu hakuukimbia woga wa mgonjwa wala kumwambia ajikaze. Aliukaribia, pamoja naye, polepole.

Kuhusu qi yenyewe, sijaona na hakuna darubini iliyoionyesha, wala mpasuaji aliyekuta njia zake mwilini. Sikuombi uiamini. Kwamba kuchuliwa vizuri kunatuliza mapigo ya moyo, kunalegeza misuli na kupunguza wasiwasi kwa muda, hilo halihitaji imani, na maswali ya daktari yule kuhusu maisha yangu yalikuwa na faida hata kama nadharia iliyo nyuma yake ni ya kale.

Nyumbani unaweza kujifanyia machache. Taichong nimekwisha kukueleza. Bonyeza kwa dole gumba dakika moja au mbili kila mguu, kwa uzito unaoumia kidogo lakini unaovumilika. Ya pili ninayoipenda ni Neiguan: geuza kiganja juu, pima upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, kati ya kano mbili. Inasaidia kifua kinachodunda na kichefuchefu, na unaweza kuibonyeza ukiwa kwenye foleni ya forodha bila mtu kujua. Shingo ikikaza, weka dole gumba mbili kwenye vishimo viwili vya kisogoni, chini ya mfupa wa fuvu, uinamishe kichwa nyuma kidogo na kuvuta pumzi taratibu. Usiku, sugua nyayo baada ya kuziloweka kwenye maji ya moto. Wachina wengi hufanya hivyo kabla ya kulala, na wenye kisukari wawe waangalifu na joto la maji, miguu yao inaweza isihisi.

Mjamzito asibonyezwe juu ya bega, wala kati ya dole gumba na kidole cha shahada cha mkono, wala upana wa vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu. Tuina inazikwepa sehemu hizo kwa mwenye mimba. Ukishuka kwenye ndege baada ya safari ndefu na mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usiuchue hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani, na kuusukuma ni hatari ya kifo, nenda hospitali. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Na yeyote anayetaka kukuzungusha shingo kwa ghafla mpaka ilie, mkatalie, hata awe bingwa kiasi gani. Kama huzuni yako imefika mahali unawaza kujidhuru, kitanda cha masaji si pa kuanzia. Mtafute daktari wa afya ya akili, na mwambie mtu mmoja wa karibu leo.

Kuhusu pa kwenda, China mjini mabango ya masaji yamejaa na si yote ni ya tiba. Idara ya tuina ndani ya hospitali ya tiba ya Kichina ndiyo salama zaidi. Baada ya hapo ninawaamini wachuaji wasioona, mangren anmo, ambao husomea kazi hii rasmi na vidole vyao vina maarifa ambayo sijayakuta kwingine. Tuina hufanywa juu ya nguo, kwa hiyo dada zangu mnaojisitiri msiogope, na mnaweza kuomba mchuaji mwanamke. Wakitaka kukuumika, alama nyekundu za duara zitabaki mgongoni siku kadhaa; aliyewahi kufanyiwa hijama anazijua.

Maneno machache ya kumwambia, kama Kichina chako ni cha dukani. Wo shengqi, nina hasira. Wo danxin, nina wasiwasi. Wo nanguo, nina huzuni. Wo shuibuzhao, sipati usingizi. Qing yidian, punguza nguvu. Na kama una mimba, wo huaiyun le, hilo liseme kabla hata hujavua viatu.