Bia haipendi safari: kunywa vizuri ukiwa Uganda

Ukivuka mpaka wa Mutukula, Busia au Malaba kuingia Uganda, acha kuulizia bia ya kwenu. Hata ukiipata Kampala, utakuwa umeipata imechoka: imelala kwenye lori, ikalala ghalani, ikasimama juani nje ya duka, ndipo ikaingia friji. Bia si mvinyo, haizidi utamu kwa kukaa. Inayokaribia ubora wake ni ile iliyotoka kiwandani juzi na haikwenda mbali. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhudumu si "mna bia gani?" bali "ipi inatoka haraka hapa?"

Bia huharibiwa na vitu vitatu: joto, mwanga na umri. Joto ndilo baya zaidi, kwa sababu huharakisha hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo kuila bia. Kwa makadirio ya watengenezaji, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya bia izeeke mara mbili au tatu haraka zaidi. Ladha yake utaitambua mara moja: karatasi iliyolowa, au boksi. Mwanga nao hupiga kile kitu cha uchungu kinachotoka kwenye hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, na kukigeuza kuwa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, ya kioo cheupe karibu haizuii kitu. Ndiyo maana kreti lililopangwa kando ya barabara tangu asubuhi liache hapo lilipo, na ukilazimika, chukua chupa za kahawia. Halafu soma tarehe, kwenye lebo au shingoni. Bia nyingi za viwandani hupewa miezi kadhaa ya kuuzwa, lakini utamu wake uko kwenye miezi mitatu ya mwanzo.

Kuna wanaoapa kwamba bia iliyopoozwa, ikapata moto, ikapoozwa tena, basi imekufa. Si kweli. Kinachoiua ni muda iliokaa kwenye joto, si kuingia na kutoka frijini.

Sasa ramani. Uganda ina viwanda viwili vikubwa. Uganda Breweries ilianzishwa mwaka 1946 na iko Port Bell, Luzira, ukingoni mwa ziwa na ndani ya Kampala yenyewe. Bandari hiyo ilipewa jina la Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, na bia ya Bell ikapata jina lake hapo. Nile Breweries ilianzishwa mwaka 1951 na iko Njeru, ng'ambo ya mto Nile ukitokea Jinja. Ukija na basi la Malaba unapita jirani nayo baada ya daraja. Ina kiwanda kingine Mbarara, na hilo ni jambo jema kwa msafiri wa magharibi.

Bia inayojulikana zaidi ya Njeru ni Nile Special, na hapa ndipo wageni huanguka. Ina kilevi cha asilimia 5.6, na chupa ni ya mililita 500. Piga hesabu: kila chupa ina mililita 28 za kilevi chenyewe. Bell iko karibu asilimia 4, yaani kama mililita 20. Chupa tatu za Nile Special zinaizidi kidogo Bell nne. Mtu aliyezoea bia nyepesi akahesabu chupa badala ya kilevi, asubuhi ataulizana na mning'inio wake. Mtanzania mnywaji wa bia ya Safari atajisikia nyumbani kwa Nile Special. Wa Kilimanjaro aanze na Bell, hasa mchana wa jua. Mkenya naye asidhani Tusker ya Kampala imevuka mpaka, maana kampuni ya Luzira na ile ya Nairobi ni za kundi moja, na Tusker hutengenezwa hapa hapa.

Usiidharau bia ya Eagle kwa sababu ni ya bei nafuu. Imetengenezwa kwa mtama, hasa aina ya mtama mweupe iitwayo Epuripur iliyotoka kwenye utafiti wa Serere, kule Teso, mashariki ya nchi. Unafuu wake una sababu ya kodi: bia ambayo angalau asilimia 75 ya malighafi yake, ukiacha maji, ni ya ndani ya nchi imekuwa ikitozwa ushuru mdogo kuliko bia ya kimea cha shayiri. Ladha yake ni kavu, tamu kidogo mwishoni, na kwa samaki wa kukaanga inaishinda bia ya bei mara mbili. Jina lake tu ndilo halina heshima mezani.

Baa. Waganda wana neno zuri, kafunda: kibaa kidogo cha mtaani, viti vya plastiki, friji moja, jiko la mkaa nje. Kwa bia ya chupa, kafunda lenye watu wengi lina nafasi kubwa ya kukupa bia safi kuliko baa ya ghorofani yenye mandhari ya kilima cha Kololo, kwa sababu friji yake inamalizika kila usiku. Dalili ya kwanza ni makreti matupu: yakiwa mengi na hayana vumbi, mzigo unaingia na kutoka. Dalili ya pili ni kile wanachokunywa walio wengi. Ukikuta meza sita zina Nile Special na moja ina bia ya kigeni, jua kreti la bia ya kigeni limekaa.

Mhudumu mwite kwa Kiganda "nnyabo" akiwa mwanamke, "ssebo" akiwa mwanamume. Kumpigia mluzi au kumtupia "we dada" kwa sauti kutakuletea bia ya mwisho kwenye friji, na utastahili. Kiswahili kinaeleweka sehemu nyingi za Kampala, ila "baridi" wakati mwingine haipiti. Sema "ennyogoga" na utaona tabasamu. Utaulizwa hata hivyo kama unataka ya baridi au isiyo ya baridi, kwa sababu wazee wengi bado wanataka ya rafuni. Kabla haijafunguliwa, ishike. Chupa iliyopoa sawasawa ina ubaridi hadi kitakoni. Yenye shingo baridi na kitako vuguvugu iliingizwa friji nusu saa iliyopita. Ifunguliwe mbele yako, mezani, si kaunta. Hiyo ni kwa usalama kuliko adabu, maana kinywaji kilichotiwa dawa ya usingizi hakikuanza leo. Futa mdomo wa chupa, kutu ya kizibo hubaki pale. Chupa tupu zibaki mezani mpaka ulipe, ndizo hesabu yako. Mhudumu akiziondoa haraka haraka, weka vizibo mfukoni.

Ubaridi gani? Lager, yaani bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu, nyuzi 4 hadi 7. Guinness, ile nyeusi, iache ipate moto kidogo, 8 hadi 12, vinginevyo unakunywa uchungu mtupu. Wenye baa wanaotaka kukufurahisha hutupa chupa kwenye friza, na bia huanza kuganda nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Ikifunguliwa inatoka povu na vipande vya barafu, nusu inaishia mezani. Umeme ukikatika, au gesti yako haina friji, fanya hivi: beseni, barafu kilo mbili, maji ya kutosha kuzifunika chupa hadi shingoni, na chumvi gramu 200 hivi, yaani viganja viwili vikubwa. Maji ni lazima. Barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu, maji huigusa yote. Chumvi hushusha baridi chini ya sifuri. Zungusha chupa mara kwa mara, na baada ya dakika 15 hivi iko tayari. Ukiisahau humo saa nzima, usimlaumu mtu.

Bia ya pipa inapatikana katika baa kubwa za Kampala. Ni nzuri mahali panapouza sana na kuosha mirija ya bomba kila wiki mbili. Isipooshwa, bia inanukia siagi au siki. Agiza nusu glasi kwanza. Angalia pia glasi: mapovu yaliyoganda ubavuni mwa glasi, chini ya usawa wa bia, yanaonyesha mafuta au sabuni, na povu la juu litakufa kabla hujaonja. Wanaotaka uchungu zaidi ya lager waulizie Banange, kiwanda kidogo cha Kampala. Jina ni mshangao wa Kiganda, kama vile sisi tunavyosema "jamani!"

Lakini anayekuja Uganda akanywa za chupa tu amekosa jambo. Bia isiyosafiri kabisa ni malwa, ambayo Wateso huiita ajon. Unga wa ulezi hukandwa na maji kidogo, hufukiwa au kufungwa pasipo hewa kwa takriban wiki moja mpaka uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati au sufuria pana mpaka uwe wa kahawia, na kuanikwa juani. Hapo unaweza kukaa muda mrefu. Siku ya kuutumia huchanganywa na maji na kimea cha ulezi ulioota, na baada ya siku mbili tatu uko tayari. Ule uji mzito, pamoja na makapi yake, hutiwa kwenye chungu, juu yake yanamiminwa maji ya moto, na watu wanauzunguka wakivuta kwa mirija mirefu yenye kichujio kilichosukwa nchani.

Maji ya moto ndiyo kipimo cha mahali. Yawe yanachemka, yanatoka kwenye birika lililo motoni mbele ya macho yako. Yakija vuguvugu kutoka kwenye jerikani, inuka. Tumbo linaloharibika baada ya malwa mara nyingi si la ulezi, ni la maji. Maji ya kwanza hutoa kinywaji chepesi. Subiri dakika kadhaa kilevi kitoke kwenye makapi. Hujazwa tena na tena mpaka ladha iishe, na kwa sababu ni ya moto na hunywewa polepole, kilevi hukupanda bila kupiga hodi. Pima kwa saa, si kwa chungu.

Nunua mrija wako. Kushiriki mrija ni kushiriki kikohozi, na kifua kikuu hakijaisha katika miji hii. Usipulize hewa ndani ya mrija hata kwa mzaha, ni tusi zito kwa wenye chungu. Ukiziba, uchomoe kwa utulivu bila kuvuruga ya wenzako, usafishe kichujio, urudishe. Kampala, malwa utaikuta Naguru, Nakawa na Kireka. Vikundi vingi vina mwenyekiti, mweka hazina, na faini kwa mgomvi. Mgeni hukaa akikaribishwa na huchangia maji yanayofuata. Hata hivyo, ikiwa una njia ya Soroti au Kumi, huko huko Teso, iache ya Kampala.

Watu wa Bukoba watacheka wakionyeshwa tonto, kwa sababu ni rubisi yao kwa jina jingine. Ndizi za pombe, mbidde, huivishwa shimoni au juu ya jiko, hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, juisi huchujwa, huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, na kulazwa kwenye mtumbwi wa mti uliofunikwa majani ya mgomba. Swali la kuuliza ni moja: iliingia mtumbwini lini? Ya jana ina utamu na gesi. Ya siku nne ni siki. Masaka na Mbarara ndiko kwenyewe, si mjini kwenye chupa ya plastiki ya nani sijui.

Waragi ya kienyeji, ile gongo ya Uganda iitwayo enguli, isiyo na lebo, hapana. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kusini-magharibi mwa Uganda kwa pombe iliyochanganyika na methanoli, kilevi chenye sumu, na methanoli haina harufu ya kukuonya.

Kama una gari, liache. Polisi wana msako wa kupima pumzi ambao wananchi wameuita kawunyemu. Kikomo ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na Nile Special mbili zinatosha kumpeleka mtu mwembamba pabaya.

Ukitaka kuondoka na bia, chukua makopo. Buti la basi lina joto la injini na la lami, na saa kumi ndani yake ni siku kadhaa rafuni. Makopo yavingirishe kwenye nguo zenye unyevunyevu, uyakalishe nawe juu. Chupa za Uganda zina amana: bila chupa tupu ya kubadilishana utalipia chupa yenyewe juu ya bei ya bia, na ukiirudisha unarudishiwa, mara nyingi pale pale uliponunua tu. Chupa ya Mwanza usihangaike nayo. Itafanana kwa kimo na rangi, lakini mwenye duka wa Masaka ataigeuza, atasoma chapa iliyopigwa kwenye kioo, na kukurudishia mkononi.