Muulize Anko: "Wote wanasema kali, ila hakuna anayeicheza"

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi nipo Mbagala Rangi Tatu, natengeneza gemu ya daladala kwenye Godot, ile programu ya kutengenezea gemu, mwaka wa pili huu, niko peke yangu, kuchora mimi kuandika kodi (yale maelekezo ya kompyuta) mimi. Unakuwa konda, unajaza gari, unadai nauli, unakwepa trafiki mpaka Kariakoo. Nimewatumia washkaji 15 kwenye grupu la WhatsApp, wote wamejibu "umetisha", "kali sana mwanangu", na vimoto vimoto vingi. Juzi nimeazima simu ya mmoja wao nipige, naangalia gemu yangu haipo, kaifuta, anasema simu ilijaa. Mwingine ananiambia niweke bunduki. Mwingine anataka wacheze watu wanne online. Na Google nao nasikia wanataka watu waijaribu kwanza ndo waniruhusu kuipandisha Play Store. Sasa nimsikilize nani Anko, maana naona nachanganyikiwa tu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kidogo, na hongera, maana kuna watu inawachukua miaka kugundua kwamba "umetisha" sio maoni. Ile ni salamu, iko fungu moja na mambo-poa. Washkaji wanakupenda, hawataki kukuvunja moyo, na wengine nahisi hata hawajaifungua. Aliyekupa maoni ya kweli ni yule aliyeifuta. Simu ikijaa mtu anaangalia nini hakimuumi, picha za harusi ya shangazi kaziacha, zile video za grupu zisizo na kichwa wala miguu kaziacha, kafuta ya kwako.

Ngoja nikupe kisa changu. Zamani kidogo nilitengeneza bao kwa simu, bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32, kete 64, nyumba ipo, kunamua (kuingiza kete za akiba ubaoni) kupo, nikajiona nimemaliza. Nikaipeleka kwa wazee wanaokaa kibarazani Magomeni kila jioni, nikampa simu mmoja wao. Dakika tatu hazijaisha: "Kijana, mashine yako inaniibia." Nikarudi home, wiki nzima nakagua kodi ya kula na kutakata (kusogeza kete bila kula) mstari kwa mstari, kosa sikuona hata moja. Nikarudi tena kibarazani, safari hii nikafunga mdomo, nikakaa ubavuni kwake nikawa naangalia vidole vyake na macho yake tu. Kumbe zamu ya kompyuta ikifika kete zinasambaa mashimo nane kabla hujapepesa, mzee akija kuinua kichwa ubao ushageuka mwingine, sasa huyu ni mtu ambaye miaka yote amezoea kuuona mkono wa mwenzie ukiangusha kete moja moja, na kuisikia, tok, tok, tok. Nikapunguza spidi, kila kete nikaipa muda wake na mlio wake. Sheria za mchezo sikuzigusa kabisa. Nilivyorudi wiki iliyofuata akapigwa mara mbili mfululizo na hakusema neno wizi, alisema "hii imenipata", akataka marudio.

Kwa hiyo mzee hakuwa muongo. Alikuwa na tatizo la kweli, ila sababu aliyotaja haikuwa yenyewe. Ni kama mtu anaingia famasi anaagiza antibayotiki moja kwa moja, kichwa kinamuuma kweli, lakini mfamasia mwenye akili atamuuliza kwanza jana ulilala saa ngapi. Wachezaji wako wako hivyohivyo. Huyo wa bunduki usimcheke, mfuate umuulize alikuwa wapi kwenye gemu hilo wazo lilipomjia. Nakuapia pengine alikuwa kwenye foleni ya Kilwa Road, gari halitembei, hana cha kufanya dakika nzima. Hapo dawa inaweza kuwa abiria wawili wanaogombania siti ya dirishani, au yule anayetoa elfu kumi kwenye nauli ya mia sita halafu anakukazia macho. Na huyo wa online labda anataka tu amuoneshe mwenzie kwamba leo kapeleka hesabu kubwa, hiyo ni orodha ya makonda bora, wikiendi moja imeisha. Kuchezesha watu wanne online ukiwa peke yako itakula mwaka wako wote na nywele zako.

Namna ya kutesti sasa. Nenda stendi, tafuta mtu usiyemjua, mpe simu, mwambie "jaribu hii" halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu kuliko kodi yote uliyoandika, maana utamuona anabonyeza picha ambayo sio batani mara sita na wewe batani unaiona ileee kwenye kona, ulimi unawasha unataka kusema "hapo chini bro". Usiseme. Mtu akiipakua Tandika saa tano usiku hutakuwepo kumwelekeza. Andika tu kidole kilienda wapi kwanza, alikunja uso wapi, na ni dakika ya ngapi alikurudishia simu. Akimaliza usimuulize "umeipenda?", atakujibu umetisha. Muulize "pale ulikuwa unajaribu kufanya nini?"

Idadi isikutishe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya watu na kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, na ukiwa na watu 15 ni bora uwagawe mara tatu, watano wajaribu, urekebishe, watano wengine wajaribu hiyo iliyorekebishwa. Hesabu yake ni ya matumizi, kama mtu anaona batani, anaelewa afanye nini, haikwambii kama gemu ni tamu. Ila wewe ulikuwa na 15 haohao ukawamaliza wote siku moja! Mtu akishaiona gemu mara moja ugeni umeisha, hawezi tena kukuonesha pale anapokwama mgeni. Kwa hiyo watu wapya watunze kama vocha.

Kingine, acha kuitesti kwenye simu yako. Azima zile dhaifu za RAM 2 GB zenye kioo kimepasuka, toka nayo juani saa saba mchana uone kama hayo maandishi ya njano yanasomeka. Halafu panda daladala uicheze umesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Kama gemu ya daladala haichezeki ndani ya daladala hapo una kesi.

Google ni hivi: akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima zifanye jaribio la kufungwa kwanza (closed test), yaani gemu wanaipata wale uliowaalika tu. Mwanzo walitaka watu 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12, na hao 12 wakae ndani ya jaribio siku 14 mfululizo. Hii ni mbali na zile dola 25 za kufungulia akaunti, unalipa mara moja tu. Wapo wanaobadilishana namba mitandaoni ili mradi 12 itimie, nakuinstolia unaniinstolia, hakuna anayecheza. Mimi naona ni kuchezea bahati, umepewa wiki mbili za kukaa na wachezaji unazijaza vivuli. Tafuta 12 wa kweli, makonda wawili watatu wakiwemo, hao watakusema mpaka ukome.

SWALI: Habari Anko. Natokea Sinza, gemu yangu ni ya mafumbo. Leveli ya 7 nusu ya wanaojaribu wanalia ngumu, nusu wanasema wanasinzia. Nikiilegeza hawa wananuna, nikiikaza wale wanaacha. Na apdeti ya mwisho nimetukanwa waziwazi.

JIBU: Salama dada. Matusi tutayafikia. Kwanza acha kuhesabu kelele, hesabu vifo, yaani wapi mtu anashindwa. Weka kwenye gemu kikodi kidogo kinachoandika mtu kaanza leveli gani, kajaribu mara ngapi, kaacha wapi, kinajiandika kwenye faili ndani ya simu na kinatumwa siku bando likiwepo. Mega Crit waliotengeneza Slay the Spire, gemu ya kadi ambayo waliiuza ikiwa haijakamilika kuanzia Novemba 2017 mpaka Januari 2019, walikusanya hivyohivyo, kadi gani inachukuliwa sana, ikichukuliwa mtu anashinda au hashindi, na kadi zikawa zinapunguzwa na kuongezwa nguvu kila mara kufuata hizo namba pamoja na maneno ya wachezaji. Ila waambie watu kwamba unakusanya, na usichukue majina wala namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi toka Mei 2023.

Nahisi utakuta leveli ya 7 haina shida, shida iko ya 4. Mara nyingi wanaosema rahisi ni waliookota mbinu fulani njiani na wanaolia waliiruka, sasa ukiilegeza ya 7 umefunga bandeji goti wakati kilichovunjika ni kifundo. Mpe kila mtu ile mbinu mapema, halafu pima tena na watu wapya.

Matusi: studio inaitwa Red Hook, gemu yao Darkest Dungeon, mwaka 2015 ikiwa bado inajengwa mbele za watu waliongeza kitu, adui akifa maiti inabaki imeziba njia ya kuwafikia walio nyuma. Watu waliwaka balaa. Wenyewe waliona mchezo umekuwa bora hivyo, hawakuifuta, wakaweka sehemu ya kuizima kwa asiyetaka. Kwa hiyo sio kila anayepiga kelele unamfuata na sio kila anayepiga kelele unampuuza, wakati mwingine unamuwekea swichi tu anatulia. Wewe matusi yasome asubuhi. Sio usiku.

SWALI: Anko mambo. Nina wazo la gemu ambalo halijawahi kutokea bongo, naogopa kumuonesha mtu yeyote kabla sijamaliza wataniibia. Tabata.

JIBU: Poa. Mwaka wa ngapi huu? Gemu ya Minecraft iliuzwa kwa watu toka 2009 ikiwa nusu nusu, kila mtu anaiona, toleo kamili likaja Novemba 2011, na 2014 Microsoft wakainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Gemu ya Hades nayo ilikuwa sokoni Desemba 2018, imemalizika Septemba 2020, karibu miaka miwili dunia nzima inaangalia jikoni. Waigaji walikuwepo na bado watu walienda kwa wenyewe. Kinachoibiwa kirahisi ni jina na logo, hivyo kavisajili mapema BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hiyo hofu yako ihamishie huko. Halafu nikija Tabata niletee simu niijaribu mwenyewe, na nakuahidi sitasema umetisha.