Je, ni dhambi kumchangia wakili mtu aliyekamatwa na unga?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa Mikindani. Mtoto wa marehemu dada yangu amekamatwa uwanja wa ndege huko Asia, wanasema begi lake lilikuwa na unga. Nchi hiyo inanyonga kwa kosa hilo. Sisi huku tunachangishana hela ya wakili, lakini shemeji yangu amesema mbele za watu kwamba kumsaidia muuza unga ni kushirikiana naye katika dhambi, na kwamba hata sheria ya Kiislamu inamhukumu kifo. Nimeingiwa na hofu. Niendelee au niache?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Endelea kuchangisha.

Shemeji yako hakuzua. Aya anayoishika ipo, Suratul Maida aya ya 2: msisaidiane katika dhambi na uadui. Ila ungekuwa unamsaidia mwanao katika dhambi kama ungemnunulia tiketi au kumfichia mzigo. Wakili kazi yake ni kumfanya kadhi asikie upande wa pili. Mtume (s.a.w.) alisema, msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa. Maswahaba wakashangaa, dhalimu anasaidiwaje? Akawajibu: kwa kumzuia asidhulumu. Wewe bado hujui mwanao yuko upande gani kati ya hizo mbili, na hiyo mahakama nayo haijajua.

Wala usidhani nautetea unga. Mwaka juzi niliitwa kuosha maiti ya kijana hapa hapa pwani. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko kushuka chini, haukuwa na mahali pazima, makovu ya sindano yamepangana kama ushanga. Baba yake alikuwa akimimina maji na kuangalia ukutani. Aliyemuuzia yule kijana ana hesabu yake kwa Mwenyezi Mungu, na hapa nchini Tanzania sheria haimchekei: kusafirisha heroini inayozidi gramu 200 ni kifungo cha maisha. Uharamu wake hauna mjadala, kwani Ummu Salama (r.a.), mke wa Mtume, amepokea kwamba Mtume alikataza kila kinacholevya na kila kinacholegeza mwili.

Lakini kusema kitu ni haramu ni jambo moja, na kusema aliyekibeba auawe ni jambo jingine. Unga hauna haddi, yaani adhabu iliyowekwa kwa nassi ya Qur'ani au Sunna. Uko kwenye taaziri, adhabu anayoikadiria mtawala kwa maslahi ya watu. Wako wanavyuoni waliofikisha taaziri hiyo hadi kifo. Baraza la wanavyuoni wakubwa wa Saudi Arabia lilitoa uamuzi huo mwaka 1987 kwa wanaoingiza dawa za kulevya nchini, wakitegemea aya ya 33 ya Maida kuhusu wanaofanya ufisadi katika ardhi. Na wako wanaokataa, wakisema damu ya Mwislamu imehalalishwa kwa mambo matatu tu kama ilivyo katika hadithi ya Bukhari na Muslim, na kubeba begi si mojawapo. Moyo wangu uko na hawa wa pili. Tazama tu: Iran mwaka 2017 ilipandisha kiwango cha heroini cha kunyongewa kutoka gramu 30 hadi kilo 2, na Malaysia mwaka 2023 ikaondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Haddi ya Mwenyezi Mungu haipandishwi wala kuteremshwa bungeni. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kumwombea mwanao asinyongwe ni kuipinga sheria ya Mungu.

Na hata hao waliosema auawe, walitaka kwanza hatua za mahakama zikamilike. Hapa ndipo penye uzito. Kanuni yetu ni kwamba anayedai ndiye aletaye ushahidi, na anayekana huapa. Sasa nenda Singapore: ukikutwa na heroini zaidi ya gramu 2 unahesabiwa kuwa ni mfanyabiashara mpaka wewe uthibitishe kinyume, na zikizidi gramu 15 shingo iko kwenye kitanzi. Gramu 15 hazijazi kiganja. Mtu aliyebebeshwa begi na "rafiki" atathibitisha vipi kwamba hakujua? Na akikiri kwa lugha asiyoielewa, baada ya siku kadhaa bila usingizi? Imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba mtu si mwaminifu juu ya nafsi yake ukimtia njaa, ukimtisha au ukimfunga. Maiz, mmoja wa maswahaba, alikuja mwenyewe kukiri zinaa, na bado Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara, akauliza kama ana wazimu, kama amelewa. Nabii Daud naye, katika Surat Swad, alipoletewa ugomvi wa watu wawili, alimpa haki mwenye kondoo mmoja kabla ya kumsikia mwenye tisini na tisa, kisha akaanguka kusujudu akiomba msamaha. Wapo wafasiri wanaosema kosa lake lilikuwa hiyo haraka. Hao walikuwa kondoo tu.

Sasa fanya haya. Kabla ya hela, wizara ya mambo ya nje ijulishwe ili ubalozi ujue. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake, na anapaswa kuambiwa haki hiyo bila kucheleweshwa. Mwambieni wakili aulize swali moja mapema: mkalimani wa Kiswahili yupo? Mwanao naye aambiwe asitie saini karatasi asiyosomewa. Kama kweli alibeba akijua, atubie, na amtaje aliyemtuma, kwa maana hao matajiri hawapandi ndege wenyewe.

Mchango uwe sadaka, zaka tuiache, kuna khitilafu ndani yake. Njoo na daftari Ijumaa baada ya swala, nitatangaza mimi. Niandike elfu ishirini kwa sasa. Korosho zangu bado ziko ghalani zinangoja mnada.