Mlezi wa Mtoto Ahesabiwe Kwenye Bei ya Mkate

Haipiti wiki bila mwanamke mmoja au wawili kuja uani kwangu, hapa Ngamiani mjini Tanga, kununua mkate wa kumimina, na baada ya kufungiwa mkate wake akabaki amesimama. Huangalia kwanza kama kuna mtu mwingine karibu, kisha huniuliza kwa sauti ya chini ninawezaje kupika kila siku hali nina watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miezi 11. Wengi hutarajia niwape ratiba. Ratiba ninayo, lakini si ratiba iliyoniokoa. Kilichoniokoa ni hesabu moja ambayo nilichelewa kuifanya kwa zaidi ya mwaka mzima, nayo ni hesabu ya mtu anayemshika mtoto wakati mimi nimeshika upawa.

Kabla ya mikate nilikuwa karani katika ofisi moja ya hapa mjini, na ni lazima nianze huko kwa sababu wengi wanaoniuliza bado wameajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, na anaporudi kazini inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Siku 84 nilizipata. Zile saa 2 sikuzipata wala sikuzidai, kwa kuwa sikujua kwamba zipo. Nilipokuwa naomba kuondoka mapema, huku kifua kimejaa hadi gauni limelowa, niliomba kama mtu anayeomba fadhila, na nilijibiwa kama mtu aliyeomba fadhila. Mtoto alipofikisha miezi 5 niliandika barua ya kuacha kazi. Siijutii mikate, ila inaniuma hadi leo kwamba niliacha mshahara bila kujua kuwa nilikuwa na haki mkononi. Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa, isome sheria hiyo mapema, mpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, na saa za kunyonyesha uziombe kwa barua ambayo umebaki na nakala yake.

Sasa nije kwenye biashara. Mkate wa kumimina hauna subira, na asiyewahi kuupika hawezi kuelewa kwa nini unagombana na mtoto mchanga. Mchele unarowekwa usiku, alfajiri unasagwa pamoja na tui zito, sukari, iliki na hamira, kisha unaachwa uumuke. Wakati wa kusi, mwezi wa Juni na Julai, unaweza kuusubiri zaidi ya saa nzima. Wakati wa kaskazi, kwa joto hili la Tanga, unapanda kabla hujamaliza kuosha vyombo vya kusagia. Ukishapanda ni lazima umiminwe saa ileile, makaa yakiwa yamekolea chini ya sufuria na juu ya kifuniko, kwa sababu ukichelewa unashuka, unakuwa mchachu, na hapo huna mkate tena.

Asubuhi moja ya kaskazi, yapata saa 11 na nusu, mchanganyiko ulikuwa umefika ukingoni mwa sufuria ndipo mtoto wangu wa kwanza akaamka na homa. Nilimfunga mgongoni kwa kanga nikaendelea kumimina. Jiko lilikuwa linanichoma usoni na mwili wake ulikuwa unanichoma mgongoni, na kila nilipoinama kuweka makaa juu ya kifuniko aliteleza kidogo kuelekea begani, nami nikawa namrudisha kwa kiwiko huku mkono umeshika koleo lenye moto. Mama yangu alitoka chumbani, hakusema neno, akafungua fundo la kanga kifuani kwangu na kumchukua. Nilimaliza mikate yote, tukampeleka mtoto hospitali, na jioni homa ikawa imeshuka.

Kuanzia siku ile mama akawa mlezi. Hatukukaa kitako tukazungumza. Ilitokea tu, kama inavyotokea katika nyumba nyingi, kwamba bibi yupo, kwa hiyo mtoto ana mtu. Nilikuwa napika mikate 10 kwa siku na kuiuza shilingi 5,000 kila mmoja. Mchele, nazi, sukari, hamira, iliki na mkaa vilinigharimu kama shilingi 3,400 kwa mkate, nikibakiwa na 1,600, yaani 16,000 kwa siku, na daftari langu lilinionyesha kwamba ninafanya vizuri. Nilikuwa hata nawashauri wenzangu.

Kisha mama akafiwa na kaka yake Pangani, akaenda msibani. Siku tatu zikawa wiki, na wiki ikawa siku 16. Siku ya pili nilijaribu kupika na mtoto akiwa anazungukazunguka uani, na alipofika hatua mbili kutoka kwenye jiko lililowekwa chini nilizima makaa kwa maji, nikamwaga mchanganyiko wote. Sikupika tena mpaka mama aliporudi. Hoteli mbili zilizokuwa zikichukua mikate yangu kila asubuhi zilitafuta mpishi mwingine, na siwalaumu, kwa maana chai ya asubuhi haiwezi kungoja matanga ya watu. Katika siku hizo nilikaa na daftari langu nikaona kosa lilipo. Kile nilichokuwa nakiita faida, sehemu yake kubwa ilikuwa jasho la mama yangu ambalo sikuwahi kuliandika popote.

Mama aliporudi nilimwona anashuka ngazi ya barazani kwa kushika ukuta. Magoti yalikuwa yamemsumbua kwa miezi kadhaa. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu, "Ningekwambia nimechoka, mwanangu, hiyo mikate ungepika na nani?"

Neno hilo ndilo nililotaka kuwafikishia. Anayekusaidia kwa mapenzi hana mlango wa kutokea. Akisema leo siwezi, anaona kama amekunyima, au amemnyima mjukuu wake, basi hunyamaza na kuvumilia mpaka mwili ukatae wenyewe. Mtu aliyehesabiwa ana siku yake ya kazi na siku yake ya kupumzika, na anaweza kutamka kwamba amechoka bila kuogopa kuwa ameharibu undugu. Kabla ya hapo nilidhani kumlipa mama ni kumvunjia heshima. Sasa naamini kwamba kutomhesabu ndiko kulikokuwa kumvunjia heshima.

Basi nilifanya hesabu upya. Katika mtaa wetu, mtu mzima anayekulelea mtoto kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri alikuwa anataka kama shilingi 5,000 kwa siku. Ukigawanya kwa mikate 10 ni shilingi 500 kwa kila mkate, kwa hiyo mkate wangu ukawa 5,500. Niliwaeleza wateja wazi kwamba bei imepanda na sababu yake ni nini. Watatu waliacha kununua, na mmoja wao alirudi mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimeogopa kupandisha bei kwa miezi mingi kwa ajili ya shilingi 500, nami nilikuwa tayari kumaliza magoti ya mzazi wangu ili mteja asinung'unike.

Kulikuwa na kazi ngumu zaidi ya wateja, nayo ilikuwa mama mwenyewe. Siku ya kwanza nilipompa fedha alizirudisha juu ya mkeka. "Mimi nilee mjukuu wangu kwa ujira?" Nilimjibu kwamba mjukuu ni wake na hana bei, ila saa zake za alfajiri zimo ndani ya mkate kama ilivyomo nazi, na mwenye nazi pale sokoni Mgandini hajawahi kunipa bure kwa kuwa ananipenda. Alicheka, lakini hakuzichukua siku ile. Alizichukua wiki ya pili, tulipokubaliana mambo mawili: kila Alhamisi jioni anapata yake ya siku alizolea wiki ile, na katika siku sita ninazopika moja ni yake, anaichagua mwenyewe na kunijulisha mapema ili nisiroweke mchele. Siku hiyo ama jirani yetu wa nyumba ya pili huja kulea kwa malipo yaleyale, ama sipiki.

Najua wapo wasio na mama karibu. Kwao nasema hivi, na nalisema kwa uzito: usimkabidhi mtoto wako kwa mtoto mwingine. Tumezoea kuletewa wasichana wadogo kutoka vijijini, wengine wana miaka 11 au 12, tukasema wanatusaidia nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kufanya kazi, na hata huo ni kwa kazi nyepesi isiyomnyima shule. Msichana wa umri huo akiachiwa kichanga kutwa nzima, wameachwa watoto wawili. Tafuta mtu mzima, hata kama ni kwa nusu siku tu, au kituo cha kulelea watoto mchana ambacho kimesajiliwa, na usione haya kuomba kuuona usajili wenyewe. Gharama yake iingize kwenye bei ya unachokiuza. Ikiwa biashara haiwezi kuibeba gharama hiyo, ni afadhali ujue mapema kuliko kujua baada ya mwaka kama mimi.

Kuhusu kunyonyesha, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, na kwa mtoto wa pili niliweza, kwa kukamua. Nawa mikono, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko, weka jokofuni, na mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo. Katika jokofu maziwa hukaa hadi siku 4. Nje ya jokofu hukaa kwa muda wa saa 4 pale joto lisipozidi nyuzi 25, na chumba cha namna hiyo Ngamiani wakati wa kaskazi hakuna, kwa hiyo usiyaache mezani ukasema utayakuta. Umeme ukikatika, mimi hutumia chupa ya barafu ndani ya chombo kinachotunza ubaridi.

Nimezieleza zile siku 84 mwanzoni kwa sababu nyingine pia. Ukijiajiri, mwajiri anayedaiwa siku hizo ni wewe mwenyewe. Wazee wetu walimwekea mzazi siku 40 za kukaa ndani, kukandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na kwa mtoto wa kwanza nilikuwa naishi kwa mshahara hata nikiwa ndani. Nilipopata mimba ya pili hapakuwa na mshahara. Nilianza kuweka shilingi 2,000 kila siku niliyopika, kwa siku 180, nikapata 360,000. Ukizigawa kwa siku 84 ni kama shilingi 4,300 kwa siku, ambazo hazifiki nilichokuwa nikipata, lakini pamoja na anachopata mume wangu zilitosha chakula na nauli ya kliniki, na sikulazimika kuinamia moto mwili haujapona. Mume wangu ndiye aliyekuwa akizipokea kila jioni na kuziandika, na hadi leo ndiye anayepeleka mikate kwa baiskeli kabla ya kwenda kazini kwake.

Wengine huniuliza kuhusu mkopo. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwa wanawake inatolewa kwa vikundi. Ni mkopo mzuri. Ushauri wangu ni kwamba usiuchukue ukiwa umebakiza miezi miwili kujifungua, kwa sababu deni la kikundi ni deni la wenzako, na marejesho hayangoji arobaini yako iishe. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, jisajilini, na mkopo uombwe mtoto akiwa ameanza kula.

Wiki hii mama ameichagua Jumatano. Anakwenda Pangani kwenye hitima ya kaka yake, na jirani yetu naye ana mgeni, kwa hiyo nimeshawapigia simu wateja wote kuwajulisha kwamba mkate utapatikana Alhamisi. Jumanne usiku sitaroweka mchele.