Kasisi wa kundi amekufa: nani achukue nafasi yake?

Mleta mada ameeleza kwamba kundi lao la watu wanne, ambalo limefika ngazi ya 5 katika ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons, limempoteza kasisi, na kasisi huyo alikuwa mhusika wake mwenyewe. Waliobaki ni mpiganaji wa upanga na ngao, mwizi anayetumia upinde, na mchawi wa vitabu. Wenzake wanamshinikiza arudi na kasisi mwingine, au angalau mtu wa kuponya; yeye amechoka kuwa zahanati ya kundi, na moyo wake uko kwa woloki, yule apataye nguvu zake kwa mkataba na kiumbe mkubwa kuliko yeye. Nitajibu kwa kufuata kanuni za toleo la tano kama zilivyotoka mwaka 2014, kwa kuwa ndizo anazosema wanazitumia.

Nianze na hofu ya wenzake, maana si hofu ya bure. Ni ya kurithi tu. Mchezo huu ulipotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson ulikuwa na aina tatu tu za wahusika, yaani mpiganaji, mchawi na kasisi, na mwizi akaongezwa mwaka 1975 katika kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Katika kanuni za wakati huo uhai uliopotea ulirudi kwa mwendo wa kinyonga, hivyo kundi lisilo na kasisi lilikuwa likijitafutia kaburi. Toleo la nne la mwaka 2008 likaenda mbali zaidi na kuwagawa wahusika wote katika majukumu manne yaliyoandikwa waziwazi kitabuni. Toleo la tano limeilegeza kamba hiyo. Mapumziko mafupi ya saa moja humwezesha kila mhusika kutumia dadu zake za uhai kujiponya, na mapumziko marefu ya saa nane humrudishia uhai wote. Kazi ya kuwaponya watu baada ya vita, ambayo ndiyo iliyompa kasisi heshima yake ya zamani, si yake peke yake tena.

Inabaki kazi ya kuponya katikati ya vita, na hapa inafaa tuhesabu badala ya kubishana. Cure Wounds, uchawi wa kuponya kwa kugusa, ukitumia nafasi moja ya uchawi ya ngazi ya 1 (nafasi hizi ni akiba yenye kikomo) hurudisha dadu moja ya pande 8 pamoja na nyongeza ya sifa, ambayo kwa mhusika wenu itakuwa 3 au 4. Kwa wastani ni pointi 8 hivi. Zimwi la kawaida aina ya ogre, ambalo kwa kundi la ngazi ya 5 si tishio kubwa, hupiga kwa rungu lake wastani wa pointi 13. Anayemponya mwenzake aliyesimama bado anatumia zamu nzima kurudisha kidogo kuliko kile ambacho pigo moja litaondoa. Uponyaji wenye faida halisi ni wa kumwinua aliyekwisha kuanguka, kwa sababu aliye kwenye sifuri hupoteza zamu yake na kuanza kurusha dadu za kifo, zinazoamua kama atakufa, na pointi moja tu inatosha kumsimamisha. Ndiyo maana Healing Word, unaoponya kidogo kuliko Cure Wounds, ni bora zaidi vitani: unatumia tendo la ziada, unafika futi 60, na mponyaji anabaki na tendo lake kuu. Kwa hiyo swali la wenzako liwe dogo kuliko walivyolifanya. Wasiulize ni nani atakayeponya, bali ni nani atakayemwinua aliyeanguka bila kupoteza zamu yake.

Hata hilo silo pengo kubwa ambalo kasisi huliacha, na hapa nazungumza kwa niliyoyaona. Kundi letu, ambalo hukutana mtandaoni kwa sababu tumetawanyika kati ya Nairobi, Mombasa na Toronto, lilimpoteza kasisi wake karibu na ngazi hiyo hiyo pale mchezaji wake alipobanwa na masomo. Nafasi yake ikachukuliwa na malenga, ambaye ana Healing Word, na sote tukaona mambo yamekwisha. Katika hekalu moja la chini ya ardhi kuhani wa adui akamrushia mpiganaji wetu Hold Person, uchawi wa kumpoozesha mtu. Mpiganaji akarusha dadu ya kujiokoa, yaani ya kuupinga uchawi huo, kwa sifa ya Hekima, sifa ambayo hakuwa na nyongeza yoyote ndani yake, akapata 7, akapooza palepale. Wafuasi wawili wa yule kuhani walikuwa wamemkaribia, na kanuni inasema kila pigo linalompata aliyepooza kutoka umbali usiozidi futi 5 ni pigo la hatari, dadu zake za madhara zinarushwa maradufu. Akaanguka. Malenga akamwinua. Alipoinuliwa alikuwa bado amepooza, kwa maana uchawi ule ulikuwa haujaondolewa, wakamwangusha tena kabla zamu yake haijafika. Kilichomwokoa si uponyaji. Ni mshale wa mwizi uliompata kuhani, akashindwa kuushikilia umakini wake, uchawi ukakatika.

Kasisi wetu wa awali alikuwa na mazoea ya kufungua kila vita kikubwa kwa Bless, ambao huwapa watu watatu dadu ya pande 4 ya kuongeza kwenye mashambulizi na kwenye kujiokoa. Hakuna aliyeuona umuhimu wake wakati ule, kwa sababu jambo ambalo halikutokea haliandikwi kwenye karatasi ya mhusika. Malenga wa kanuni za 2014 hana Bless katika orodha yake. Tulimtafuta mrithi wa jina la kazi, ilhali pengo lenyewe lilikuwa mahali pengine.

Kwa sababu hiyo namshauri mleta mada aanze na karatasi za wale watatu walio hai kabla ya kufungua orodha ya aina za wahusika. Mpiganaji ana umahiri wa kujiokoa kwa Nguvu na Ustahimilivu, mwizi kwa Wepesi na Akili, mchawi kwa Akili na Hekima. Ni mchawi peke yake mwenye kinga ya kuaminika dhidi ya uchawi unaoshika akili, na Haiba haina mwenyewe kabisa. Hiyo maana yake pia ni kwamba watakapofika mbele ya mfalme au mlinzi wa lango hakuna mwenye ulimi wa kuwavusha, isipokuwa mwizi awe ameuwekea umahiri. Kasisi naye alikuwa na Hekima iliyowasaidia kugundua mavamizi. Tazama sasa wanaogombea: paladini, yaani askari wa kiapo kitakatifu, na woloki wote wana umahiri wa kujiokoa kwa Hekima na Haiba, druidi, mwenye uchawi wa maumbile, ana Akili na Hekima, malenga ana Wepesi na Haiba. Kwa kigezo hiki pekee malenga, ambaye watu humtaja kwanza kila kasisi anapokufa, anashuka chini.

Kigezo cha pili ni nani anasimama wapi. Mpiganaji wenu yuko mbele peke yake, na nyuma yake kuna upinde na kitabu. Mwizi kwa kawaida anamhitaji mtu aliye karibu na adui ili apate madhara yake ya shambulizi la kuvizia, na mpiganaji anamtimizia hilo, lakini siku mpiganaji akilala mwizi anaweza kuipoteza silaha yake kubwa wakati uleule ambao adui anapata njia nyeupe ya kumfikia mchawi. Ukiongeza woloki wa kupiga kwa mbali unapata watatu nyuma na mmoja mbele. Paladini anatibu tatizo hili moja kwa moja: amevaa deraya nzito, katika ngazi ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, ana Bless, ana hazina ya pointi 25 za kuponya kwa kugusa ambazo anaweza kuzitoa hata moja moja, na katika ngazi ya 6 anaanza kuwaongezea Haiba yake kwenye kila kujiokoa wale wote waliomkaribia ndani ya futi 10. Kwenye karatasi hana mpinzani. Upungufu wake ni kwamba kumwinua aliyeanguka kwa mguso kunamgharimu tendo lake kuu, na kwamba Revivify, uchawi wa kumfufua aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, haumfikii hadi ngazi ya 9.

Kigezo cha tatu husahaulika mno, nacho ni mwendo wa mapumziko. Mpiganaji hurudishiwa vitu vyake vizuri, yaani lile tendo kuu la pili ndani ya zamu moja na ile pumzi ya pili ya kujiponya, kila anapopumzika saa moja. Mchawi hujirudishia sehemu ya nafasi zake za uchawi katika mapumziko mafupi mara moja kwa siku. Mwizi hana haja kubwa na lolote. Kundi la namna hii linapenda kupumzika kidogo kidogo, na woloki ndiye mwenzao wa damu, kwa sababu nafasi zake zote mbili za uchawi, ambazo katika ngazi ya 5 huwa za ngazi ya 3, hurudi kila baada ya saa moja. Druidi na kasisi husubiri usiku. Nimeona meza zikigombana kikao kizima kwa sababu nusu ya kundi iko tayari kuendelea na nusu nyingine imekauka.

Baada ya hayo yote, je, nimpeleke mleta mada kwa paladini? Ningempeleka kama angekuwa hajasema anachokitaka. Mtu atakayekaa na mhusika huyu mwaka mzima ni yeye, si vigezo vyangu, na mchezaji aliyelazimishwa kazi asiyoipenda huicheza kwa kinyongo hadi kikao kinachacha. Tena kuna njia inayomridhisha yeye na wenzake, nayo ni woloki ambaye mlezi wake, yaani yule aliyefunga naye mkataba, ni Celestial, kiumbe wa mbinguni, anayepatikana katika Xanathar's Guide to Everything ya mwaka 2017. Huyu ana akiba ya dadu za pande 6 za kuponya, idadi yake ikiwa ngazi yake kuongeza moja, yaani dadu 6 kwenu. Huzitumia kwa tendo la ziada hadi futi 60, bila kugusa nafasi za uchawi. Cure Wounds umo katika orodha yake, na katika ngazi ya 5 anaweza kujifunza Revivify, jambo ambalo malenga hapewi na paladini analisubiri. Tendo lake kuu linabaki huru kwa Eldritch Blast, miali miwili ya dadu ya pande 10 kila mmoja hadi futi 120, na Haiba yake inaziba lile pengo la mazungumzo.

Tatizo la mstari wa mbele haliondoki kwa hilo, ila linaweza kupunguzwa. Woloki achukue Armor of Agathys, ambao kwa nafasi ya ngazi ya 3 humpa pointi 15 za uhai wa muda na kumuunguza kwa baridi kiasi hichohicho kila anayempiga kwa mkono zikiwa bado zipo, tena hauhitaji umakini. Hapo anaweza kusimama mstari wa pili bila woga. Mchawi naye aombwe kwa adabu apunguze mapenzi yake kwa moto na ajifunze Web au Hypnotic Pattern, kwani adui aliyenaswa hahitaji mpiganaji wa pili wa kumzuia.

Jambo moja ningemsihi aliache hata kama atalikuta likisifiwa kila mahali, nalo ni ule mtindo wa woloki kutanda Darkness na kuona ndani yake kwa Devil's Sight huku wengine wote wakiwa vipofu. Ukicheza peke yako ni mbinu nzuri. Katika kundi, mpiganaji aliye ndani ya giza hilo hamwoni anayempiga, mchawi hawezi kutumia uchawi wowote unaotaka amwone mlengwa, na wewe unakuwa umechukua uwanja wa wenzako watatu ili upate raha ya mmoja.

Kuhusu namna ya kumwingiza hadithini nitasema machache. Aje katika ngazi ileile ya wenzake, asiwe pacha wa marehemu, na awe na haja ya kwenda kule ambako kundi tayari linaelekea. Kwa mlezi wa aina ya Celestial ni rahisi, maana aliyemtuma kasisi na aliyemtuma woloki wanaweza kuwa na adui mmoja. Muulize pia msimamizi wa mchezo, bila kumtaka atoboe siri, kama safari inaelekea makaburini, kwa kuwa uwezo wa kasisi wa kuwafukuza wafu wanaotembea hautapata mrithi kwa yeyote kati ya niliowataja isipokuwa baadhi ya paladini. Na almasi ya thamani ya dhahabu 300 itafutwe mapema, kwani Revivify huila almasi hiyo kila unapotumika, na woloki mwenyewe ndiye anayepaswa kuwa nayo mkononi.

Kama msimamizi wenu anafikiria kuhamia kanuni za 2024, mwambie aamue kabla hujajaza karatasi. Huko Cure Wounds na Healing Word zimeongezewa dadu, na mguso wa paladini unatumia tendo la ziada badala ya tendo kuu. Woloki wa Celestial bado anafaa, lakini hoja yangu kwamba paladini hupoteza tendo lake kuu anapomwinua aliyeanguka inapoteza nguvu, na uchaguzi kati ya hao wawili unabaki karibu kuwa wa mapenzi tu.