Jibu: Mama anaogopa kuhojiwa na jaji wa rufaa ya ulemavu, Marekani

Pole dada, hofu ya mama naielewa kabisa. Jaji wa Social Security (idara ya serikali ya Marekani inayolipa mafao ya ulemavu) hatakwama kwenye jina la ugonjwa, hilo limo kwenye faili. Atataka kujua mama anaweza kukaa dakika ngapi kabla mgongo haujamlazimisha kuinuka, ananyanyua uzito gani, nani anampikia, siku mbaya zinakuwaje. Kaa naye mfanye mazoezi ya maswali hayo hasa. Mama zetu wamezoea kujibu "sijambo, namshukuru Mungu" hata wakiwa na maumivu makali, na jaji atalichukua jibu hilo kama lilivyo! Asipunguze wala asiongeze. Kama bado anafua, aeleze anafua nguo ngapi, na baada ya hapo hali yake inakuwaje.

Mara nyingi huwepo mtaalamu wa ajira anayeulizwa iwapo mtu wa hali hiyo anaweza kufanya kazi yoyote, kwa hiyo msishtuke. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, mwombeni mapema. Tafadhali usitafsiri wewe. Na ripoti mpya za daktari ziwasilisheni angalau siku 5 za kazi kabla ya tarehe ya kusikilizwa rufaa, zikichelewa jaji anaweza kuzikataa.